Raketi Yenye Ulimi wa Ng'ombe

Wa kwanza kuja kuchukua viatu vyake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa hata sijaanza kuvishona. Alisema amekumbuka kuna harusi, kwa hivyo anavitaka hivyo hivyo vilivyo. Nikamwambia, "Mwalimu, soli imeachama. Utaendaje harusini na kiatu kinachocheka?" Yeye hakucheka. Alivishika kwa ncha za vidole, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda bila kugeuka nyuma.

Baadaye akaja mama mmoja kuchukua viatu vya shule vya mtoto wake. Halafu kondakta. Halafu mzee wa Kimaasai aliyekuwa akiniletea akala zake za matairi tangu nifungue kibanda. Huyo hakunisalimu "sopa" kama kawaida yake. Alinyosha tu fimbo akaonyesha zilipo, nikampa. Kufikia saa tisa rafu yangu ilikuwa imebaki na misumari na vumbi.

Kiatu kina jasho la mtu, na kimebeba unyayo wake. Kwetu Ukambani hata mtoto anajua kwamba anayetaka kumdhuru mtu huanzia kwenye unyayo. Hapo kibandani, Kitengela, nilifunga kufuli mapema. Hakuna aliyeniambia neno, lakini nilielewa. Wamemwita mke wangu mchawi, na sasa wanaogopa kuacha nyayo zao kwa mume wa mchawi.

Mke wangu anaitwa Nzilani. Alizaliwa upande wa Masinga, na kabla hajaweza kutembea vizuri polio ilimshika mguu wa kushoto. Alilelewa kwenye nyumba ya masista karibu na Machakos, pamoja na watoto wengine waliopooza miguu. Huko mchezo wao haukuwa kandanda. Walikuwa na meza moja ya tenisi ya meza, kwa sababu mtoto asiyeweza kusimama peke yake anaweza kuegemea meza. Nzilani alijifunza akiwa ameegemea. Mpaka leo husimama hivyo, kiuno karibu na meza, mguu mzima mbele, na hasogei. Wengine hukimbia, yeye hungoja.

Tulioana mwaka wa 1993, tukahamia Kitengela mwaka uliofuata. Wakati huo mji ulikuwa mdogo na nyumbu walikuja kulala nyuma ya nyumba za mwisho. Mimi nilifungua kibanda cha kushona viatu, yeye akaweka cherehani kwenye baraza ya duka, na baadaye akapata kazi kwenye kiwanda kimoja cha nguo upande wa Athi River. Alikuwa fundi mwepesi na mtu wa utani. Akipita sokoni watu walimwita kwa mbali, "Mama Mukai!" kwa jina la binti yetu, naye akawajibu maneno yaliyowaacha wakicheka. Hakuwa mtu wa kujificha. Kitu pekee alichoficha ni raketi.

Raketi hiyo niliipata mimi. Nilikuwa nikienda Gikomba kununua viatu vya mitumba kwa gunia, na siku moja katikati ya viatu nikakuta raketi ya tenisi ya meza. Upande mmoja ulikuwa mbao tupu, raba imebanduka. Upande wa pili ulikuwa na raba nyeusi ya vipele. Vipele si ajabu. Raketi za bei rahisi za madukani zote zilikuwa na vipele, vifupi na vigumu. Hivi vilikuwa virefu na vyembamba, na vililala ukivipapasa. Vilinikumbusha ulimi wa ng'ombe anapokulamba mkono. Nikachukua raba laini inayonata kutoka kwa raketi nyingine kuukuu, nayo nyeusi, nikaibandika kwenye ule upande mtupu kwa gundi ya viatu. Nikampelekea Nzilani kama zawadi.

Tuliijaribu jioni hiyo juu ya meza yetu ya chakula, leso iliyokunjwa katikati ikiwa ndiyo wavu. Mimi nilikuwa na raketi ya dukani. Nikausukuma mpira kwa msokoto wa mbele, ule unaofanya mpira uruke kwa kasi ukigusa meza. Nzilani akauzuia tu kwa vile vipele. Ukarudi polepole kama umechoka. Nikausukuma tena, ukazama kwenye leso. Nikajaribu kukata, yaani kuupiga mpira kwa chini ili uzunguke kinyumenyume. Akauzuia. Nikakata tena, mpira ukapaa mpaka kwenye mabati. Nzilani alikaa kitini akacheka hadi akatoa machozi.

Ilituchukua muda kuelewa. Raba ya kawaida inaushika mpira na kuupa msokoto wa mwenye raketi. Vipele virefu haviushiki. Mpira unateleza juu yake na kurudi ukiwa bado unazunguka vile ulivyotumwa, na kwa kuwa sasa unakuelekea wewe, msokoto wako umekuwa kinyume. Ukisukuma, unarudishiwa mpira uliokatwa. Ukikata, unarudishiwa mpira wa kupaa. Mchezaji hutazama mkono wa mwenzake ili ajue mpira unakujaje, lakini mkono wa Nzilani haukumwambia mtu kitu, kwa sababu haukuwa umefanya kitu.

Na akiona umeanza kuzoea, aliigeuza raketi chini ya meza, haraka, kwa kidole gumba, akakupiga kwa ule upande laini. Pande zote nyeusi. Ungejuaje?

Nyuma ya hoteli ya Nyakio kulikuwa na stoo ndefu iliyowahi kuwekwa saruji. Nyakio, mwenye hoteli, mwanamke wa chai na mandazi, aliweka humo meza ya tenisi ili wateja wasiondoke haraka. Kila Jumamosi kukawa na mashindano ya wafanyakazi wa viwandani, madereva na wafanyabiashara wa mifugo. Nzilani alianza kucheza huko, na alianza kuwashinda wanaume.

Vumbi la saruji lilikuwa bado limekaa kwenye kuta za stoo ile. Vumbi likishika raba laini, hainati tena. Kwa hivyo kila baada ya pointi Nzilani aliinua raketi mpaka mdomoni, akaipumulia hewa ya moto, akaipangusa kwa kitambaa chake chekundu. Ndivyo masista walivyomfundisha. Na kwa kuwa hakutaka mtu apapase vile vipele, aliitia raketi kwenye kiondo chenye kifuniko, akakifunga kamba na kukivaa shingoni. Mtu akimwambia, "Hebu nione raketi yako, mama," alijibu kwa utani, "Hii haishikwi na wageni."

Mwanamke Mkamba, anachechemea, ananong'onezea kitu cheusi, anakipangusa kwa kitambaa chekundu, anakifungia kwenye kiondo na hataki kiguswe. Na mpira unarudi tofauti na ulivyopigwa. Hivyo ndivyo walivyoona wao.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. "Mama Mukai, hiyo raketi umeitoa Kitui kwa waganga nini?"

"Nimeitoa Kitui na imekuja na meno yake. Ngoja ikuume."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilipokuwa mdogo niliona nyumba ya mama mmoja mzee ikichomwa na majirani waliokuwa wamekula kwake Krismasi. Maneno ya kwanza yaliyosemwa juu yake yalikuwa ya mzaha vile vile. Nikamwambia Nzilani aache kujibu hivyo.

"Baba Mukai," alisema, "wewe unaogopa hata kivuli cha mbuzi."

Halafu, mwaka wa 2002, akaja Gedi.

Gedi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Familia yao ilitoka upande wa Garissa, na dada yake Faysa alikuwa na duka la vitambaa pale Kitengela. Siku za mnada Gedi alikuwa Kajiado, siku nyingine alicheza kwa Nyakio. Kijana mrefu, mpole, mwenye mkono wa kulia wenye nguvu kuliko wote. Mpira wake ulikuja na msokoto hata ukausikia ukivuma. Watu walimpenda, na walikuwa wamekwisha kuamua kwamba yeye ndiye atakayetuwakilisha kwenye mashindano ya Kajiado. Kilichobaki ni kumshinda mke wa fundi viatu.

Siku walipocheza stoo ilijaa. Gedi alivuta mpira kwa msokoto wake wa mbele, Nzilani akauzuia, mpira ukarudi mzito na wa chini. Gedi akavuta kwa nguvu zaidi, ukarudi mzito zaidi. Kando yake alikuwa Musau, dereva wa lori la saruji, Mkamba mwenzetu, ambaye Nzilani alikuwa amemshinda mara nyingi. "Vuta, Gedi! Vuta hiyo kitu!" alipiga kelele. Gedi alivuta kwa bega zima, kama mtu anayevuta dume la ng'ombe kutoka kwenye matope. Kwenye pointi ya mwisho alitoa sauti ndogo, akalishika bega, mpira ukaangukia wavuni. Alitabasamu, akampa Nzilani mkono wa kushoto.

Kesho yake hakuweza kuuinua ule wa kulia. Walimpeleka hospitali akapigwa picha, na picha haikuonyesha kitu. Hilo ndilo neno lililotembea mji mzima: picha haikuonyesha kitu. Mfupa mzima, na mkono umekufa.

Musau akasema kwenye steji ya matatu, mbele ya watu, "Mimi ni Mkamba, haya maneno tunayajua. Huo mkono umeliwa."

Siku mbili baadaye ndipo watu walipokuja kuchukua viatu vyao. Jioni ile ile Mukai alirudi kutoka shuleni akilia. Wenzake walikuwa wamemwacha akae kwenye dawati peke yake.

Faysa alikuja kibandani asubuhi iliyofuata, akiwa na Musau na wanaume wawili nisiowajua. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Wewe ndio mzee ya Nzilani?"

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama. Ndugu yangu hawezi kuvaa shati. Mimi ndio namlisha kwa mkono yangu kama mtoto. Bibi yako anataka nini kwake?"

"Hataki kitu, dada yangu. Walicheza tu."

"Basi Jumamosi aje kwa Nyakio na hiyo kitu yake. Tuichome."

"Na aseme kwa mdomo yake ameachilia huo mkono," Musau akaongeza.

Nikauliza, "Na asipokuja?"

Musau alitazama juu ya kibanda changu, akatazama upande wa nyumbani kwetu. "Asipokuja, sisi tutakuja. Kwani hatujui kwenu?"

Walipoondoka nilikaa juu ya gunia, sindano mkononi, bila kiatu cha kushona. Kila mtu aliyepita barabarani nilimtazama miguu, kisha mikono, nione amebeba nini.

Nyumbani nilimwambia Nzilani tufunge vitu tuondoke alfajiri kwenda kwao Masinga.

"Tukikimbia, tumekubali," alisema.

"Basi tuichome hiyo raketi. Ni mbao na raba tu!"

"Mimi najua ni mbao na raba. Wao hawajui. Nikiichoma mbele yao nimesema ilikuwa uchawi. Na mkono wa Gedi usipopona baada ya hapo? Watachoma nini tena, Baba Mukai?"

Nilitazama kuta za mabati nikawaza zingewaka haraka kiasi gani, na kama mtu anaweza kuufunga mlango kwa nje.

"Waambie kuhusu vipele," nikasema mwisho.

Aliikunja ile leso yetu ya wavu. "Nikiwaambia, sitamshinda tena hata mtoto."

"Nzilani!"

"Najua. Nasema tu." Kisha akasema jambo ambalo lilinitia hofu zaidi. "Kuwaambia hakutoshi. Nikishika mimi watasema ni mimi. Ukishika wewe watasema ni sisi. Lazima ishikwe na mtu mwingine."

Tulihesabu majina ya marafiki wetu wote. Hatukupata mtu ambaye angethubutu.

Ijumaa tulimpeleka Mukai kwa shangazi yake Machakos. Alikwenda na vitabu vyake vyote, na hilo liliniumiza.

Jumamosi stoo ilikuwa na watu kuliko siku ile Gedi alipocheza. Nilipoingia kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa mtungi wa mafuta ya taa, ule wa lita tano, miguuni pa mmoja wa wale wanaume wawili. Raketi moja inachomwa na mafuta ya kijiko. Nilitazama ule mtungi, nikatazama nyuma yangu. Stoo ilikuwa na mlango mmoja, na watu walikuwa wanaendelea kuingia.

Nyakio alisimama karibu na mlango na sinia yake ya mandazi. "Ndani ya nyumba yangu hakuna kitu kinachomwa," alisema kwa sauti kubwa. "Mnasikia? Hii ni mbao juu, mtanimaliza."

Gedi alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, macho chini.

"Weka hiyo kiondo juu ya meza," Musau akaamuru.

Nzilani alichechemea mpaka mezani. Alivua kiondo shingoni, akafungua kamba, akatoa raketi na kuiweka katikati, juu ya wavu ulioshushwa. Watu walirudi nyuma, wakakanyagana.

"Nitaichoma mimi mwenyewe," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sikuwahi kuisikia hivyo. "Lakini kwanza mtu mmoja aishike. Mtu mmoja tu, acheze nayo mbele yenu. Musau, wewe ndiwe unayajua haya maneno. Shika."

"Mimi? Nishike niwe kama Gedi?"

"Mzee wake ashike," mtu akasema kutoka nyuma.

"Huyo walikula kiapo pamoja!"

Kelele zikapanda. Yule mwanamume aliinua mtungi kutoka chini akauweka kwapani. Mimi nilisogea mpaka nikasimama nyuma ya Nzilani, mgongo wake ukagusa kifua changu, nikasikia moyo wake unavyopiga. Nilichowaza tu ni kwamba kwa mguu ule hawezi kukimbia, na hata nikimbeba mgongoni hatutafika mlangoni.

Ndipo Faysa akatoka kwenye watu.

"Gedi ni ndugu yangu," alisema. "Kama imemla yeye, inile na mimi."

"Faysa, wacha!" Gedi alisimama.

"Kaa chini, walaal, ndugu yangu. Wewe umeshaliwa." Akavuta shungi lake, akasema, "Bismillahi," akaichukua ile raketi kwa mkono wa kulia.

Faysa aliishika mbali na mwili, kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia. Hakuna kilichotokea.

Nzilani alimkaribia, akasema naye polepole. "Dada, usiipige. Ishike tu kama unavyoshika kioo ukijitazama. Upande huu. Mpira uje wenyewe." Kisha akainua uso. "Musau, chukua raketi yako. Mpe ile mipira yako ya kuvuma."

Musau hakutaka, lakini angekataaje kucheza na mwanamke asiyewahi kushika raketi maishani? Waliinua wavu. Mpira wa kwanza ulimpiga Faysa kifuani. Mtu akaguna kicheko, akajizuia. Mpira wa pili Faysa aliuzuia. Ukarudi polepole. Musau akauvuta, ukaingia wavuni. Akajaribu tena, wavuni. Akabadilisha, akakata, Faysa akazuia, Musau akakata tena, mpira ukapaa ukagonga boriti.

"Ai!" akasema mtu.

"Musau, unacheza na mwenye duka!" mwingine akapiga kelele. "Umekula nini?"

"Sasa igeuze, dada," Nzilani akasema. "Shika vile vile."

Faysa akaigeuza. Musau alivuta kwa hasira. Safari hii mpira ulipogusa raba laini uliruka kwenda juu, ukapita kichwa cha Musau, ukaangukia kwenye sinia ya Nyakio. Nyakio aliuchukua kutoka kwenye mandazi akautazama. "Huyu naye anataka chai."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha watu waliochoka kuogopa, lakini nilikisikia kama mvua. Faysa alikuwa ameacha kucheza. Alikuwa anapapasa ule upande wa vipele kwa kidole, akiinamisha kichwa.

"Hii iko kama ulimi," alisema. "Ulimi wa ng'ombe. Gedi, kuja ushike."

Gedi alikuja. Alivilaza vipele kwa kidole cha mkono wa kushoto, vikainuka, akavilaza tena. Yeye alikuwa mchezaji, hakuhitaji kuelezwa sana. Nzilani alimweleza hata hivyo, mbele ya wote: jinsi mpira unavyorudi na msokoto wa aliyeupiga, jinsi alivyogeuza raketi chini ya meza, jinsi anavyopumulia kwa sababu ya vumbi. "Pumulia yako uone kama hainati," alimwambia mmoja, naye akapumulia kweli. "Na kila ulivyouvuta kwa nguvu, Gedi, ulirudi mzito zaidi. Nawe ukazidi kuuinua kwa bega."

"Kwa hivyo ulikuwa unatudanganya!" Musau akasema. "Kila Jumamosi!"

"Kila Jumamosi. Mimi ni mjanja, Musau. Si mchawi."

Gedi alikuwa bado anatazama raketi. "Daktari alisema ni msuli," akasema taratibu. "Alisema picha inaonyesha mifupa tu, msuli uliochanika hauonekani kwa picha. Nipumzike tu."

Faysa aligeuka. "Alisema hivyo? Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia. Halafu watu wote wakisema kitu kimoja kila siku, hata wewe mwenyewe unaanza kuamini. Niliogopa, Faysa."

"Kwa hivyo ulijivunja bega kwa kushindana na mama ya watu! Halafu mimi nakulisha kwa kijiko! Kuanzia leo utakula na mkono ya kushoto, na ukimwaga ni wewe!"

Hapo watu walicheka kweli. Raketi ilianza kutembea kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kila mtu anataka kupapasa ule ulimi. Mimi sikuitazama raketi. Nilikuwa natazama mtungi. Yule mwanamume alikuwa bado ameukumbatia, hajui aende nao wapi. Nyakio alimfikia, akauchukua kwapani mwake kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Haya mafuta yanabaki hapa," alisema. "Stovu yangu imekauka."

Nilingoja mpaka alipotoka nao nje. Nilikaa chini, pale pale kwenye saruji, Nzilani amesimama kando yangu na mkono wake begani mwangu.

Viatu havikurudi vyote siku moja. Mzee wa Kimaasai ndiye aliyeanza. Alisema "sopa" kana kwamba tulionana jana, akaweka akala zake juu ya meza, akaenda zake mnadani miguu mitupu. Nilizishona kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Mwalimu alikuja baada ya majuma mengi, na viatu vile vile, soli bado imeachama. Musau hakuleta viatu tena. Mpaka leo mtu akija kuchukua viatu kabla ya siku niliyomwambia, humtazama mikono kwanza, hata akinieleza sababu.

Kajiado tulikwenda kabla ya mwaka kwisha, kwa barabara ya Namanga, mashindano yakiwa kwenye ukumbi karibu na soko la mifugo. Nzilani alikuwa na haki ya kwenda kwa sababu alishinda. Gedi alikuja pia, bega linapona, akiwa kama mwalimu wa timu. Mlangoni mwamuzi aliichukua raketi, akaigeuza mara mbili, akasema kulingana na sheria upande mmoja lazima uwe mwekundu, ili mpinzani ajue anapigwa na raba ipi. Gedi alitafuta raba laini nyekundu kwa mchezaji mwingine, nikaibandika hapo hapo nje, nikiwa nimepiga magoti, gundi ikikauka kwenye jua.

Nzilani alipangiwa msichana wa sekondari kutoka Rongai. Msichana alikuwa amekwisha kusikia habari zetu. Nani hakuwa amesikia? Alitazama rangi, na kila alipoona nyeusi alimpelekea Nzilani mpira mtupu, wa polepole, usio na msokoto wowote. Vipele havikuwa na kitu cha kurudisha. Mpira ulirudi mtupu vile vile, na msichana akaupiga kwa nguvu kwenye kona ambayo Nzilani hawezi kuifikia.

Sikutazama mpira sana. Nilitazama watu waliokaa pembeni. Kila Nzilani alipoinua raketi mdomoni, akaipumulia na kuipangusa kwa kitambaa chekundu, nilitafuta uso utakaokunjamana, mtu atakayemgusa jirani yake. Mzee mmoja alikuwa anasinzia. Wasichana wawili walikuwa wanamenya machungwa. Hakuna aliyemtazama.

Alishindwa mapema sana. Alimpa yule msichana mkono, akamwambia kitu, msichana akacheka. Kisha akaja kuketi karibu nami, akatupa raketi ndani ya kiondo bila kukifunga.

"Umeumia?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo, akijipangusa jasho la shingoni kwa kile kitambaa chekundu.

"Hapana, Baba Mukai," alisema. "Nimeshindwa kama watu."